Kuchora ramani ya nyumba kwa kompyuta: mambo ya kujua kabla ya kulipia mafunzo au mchoro

Mtu anatoka kijijini akiwa na faili la ramani ya nyumba kwenye simu. Anafika Soweto, jijini Mbeya, anaingia stesheneri na kuomba achapishiwe. Ramani iliandaliwa kwa karatasi ya A3, lakini duka lina printa ya A4 tu. Kijana wa dukani anabofya, kompyuta inaubana mchoro uenee kwenye karatasi ndogo, na karatasi inatoka safi. Mwenye nyumba analipa, anaikunja, anaipeleka kwa fundi.

Fundi anaisoma. Urefu na upana wa nyumba umeandikwa, lakini mahali pa dirisha hapakuandikiwa kipimo. Kwa kuwa pembeni pameandikwa "Skeli 1:100", anachukua rula na kupima mwenyewe. Dirisha lililochorwa mita 2 kutoka kwenye kona sasa linasomeka mita 1.4. Analiweka hapo. Kosa litaonekana siku kitanda kitakapoingizwa chumbani, lenta imeshamwagwa na hela ya kubomoa haipo.

Mfano huo tumeutunga, ila hesabu yake ni ya kweli. Karatasi ya A4 ni nusu ya A3. Kila mstari ukihamishwa kutoka A3 kwenda A4 hupungua karibu theluthi moja, na eneo la nyumba yote kwenye karatasi hubaki nusu. Hapo hakuna mvivu wala mwizi. Kipimo kimepotea njiani, na hakuna aliyekiona kikipotea.

Makala haya ni kwa watu watatu: kijana anayetaka kujifunza kuchora kwa kompyuta, fundi aliyezoea kuchora kwa mkono, na mwenye nyumba anayelipia mchoro. Wote watatu tunawaambia jambo moja: kompyuta huchora vizuri, lakini haipimi. Kazi ya kupima, kuandika vipimo na kuvilinda mpaka vifike kiwanjani ni ya mtu.

Programu hizi ni nini?

Zamani mchoraji alitumia meza kubwa, rula ya T, penseli na wino. Akikosea ukuta mmoja alikwangua au alianza upya. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Mtu aliweza kuchora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Huo ndio mzizi wa kazi hii.

Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, programu iliyoweza kutumika kwenye kompyuta ndogo za mezani. Leo ndiyo inayotajwa zaidi mafundi na wachoraji wanapozungumza, lakini haiko peke yake. Ipo ArchiCAD iliyotoka Hungaria, ipo SketchUp inayopendwa kwa picha za nyumba zenye kina, na zipo programu za bure tutakazozieleza hapa chini.

Faida yake kubwa ni kwamba ukuta uliochorwa mara moja unaweza kunakiliwa, kusogezwa na kurekebishwa bila kuanza upya. Hasara yake ni hiyo hiyo: kosa nalo linanakiliwa. Ukikosea upana wa mlango mmoja kisha ukaunakili mara sita, una milango saba mibaya iliyochorwa kwa unadhifu.

Uanze na programu ipi, na kompyuta gani?

Hutakiwi kuanza na programu ya gharama. LibreCAD ni ya bure kihalali, inachora ramani za bapa, yaani ramani ya sakafu na mwonekano wa mbele, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. FreeCAD nayo ni ya bure na inachora vitu vyenye kina. Inawafaa zaidi wanaobuni vipuri, mageti na mashine, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2024.

AutoCAD hulipiwa. Mwanafunzi wa chuo kinachotambuliwa anaweza kuipata bure kwa mwaka mmoja mmoja akithibitisha kwamba anasoma, ila leseni hiyo ni ya kujifunzia, si ya kazi za kulipwa. Matoleo yake ya karibuni yanataka kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8. Kabla ya kununua kompyuta mpakato iliyotumika, muulize muuzaji akuonyeshe RAM kwenye skrini, usiridhike na stika iliyobandikwa juu.

Tahadhari: programu za wizi zinazozungushwa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi. Virusi wakila faili la mteja aliyekwisha kulipa, deni ni lako.

Kabla ya kugusa kompyuta, nenda kiwanjani

Mchoro unaanza na tepu, daftari na mtu wa pili wa kushika ncha ya tepu. Ukifika kiwanjani fanya haya:

1. Tafuta bikoni zote kama kiwanja kimepimwa. Pima kutoka bikoni hadi bikoni, pande zote, kisha pima mshazari, yaani kona hadi kona. Viwanja vingi vinavyoonekana kuwa mstatili si mstatili. Mishazari miwili isipolingana, pembe zake haziko sawa.

2. Pima mteremko. Viwanja vingi vya Rungwe, Mbeya na Iringa viko kwenye vilima. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja, na tofauti ya urefu kutoka ardhini hadi maji, upande huu na upande ule, ndiyo mteremko wako. Nyumba iliyochorwa kana kwamba ardhi ni bapa itamshtua mwenyewe siku ya kujenga msingi, kwani upande wa chini utakula tofali ambazo hazikuhesabiwa.

3. Andika upande wa kaskazini, upande mvua inakotokea na maji yanakoelekea. Weka alama ya miti, choo, kisima, nyaya za umeme na njia ya majirani.

4. Pima tofali lenyewe. Tofali la saruji la inchi 6 kwa kawaida ni milimita 450 kwa 230 kwa 150. Lakini nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini hujengwa kwa tofali za kuchoma, na kila mfyatuaji ana kalibu yake. Pima tofali kumi zilizopangwa mstari mmoja, gawa kwa kumi, ndipo ujue unene wa ukuta utakaochora.

Usiandike kipimo kwa kukisia kwamba utakikumbuka. Kipimo ambacho hakiko kwenye daftari hakipo.

Milimita, si futi

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa mwanzo hujikwaa. Mwenye nyumba anasema chumba ni "kumi na mbili kwa kumi na mbili", akimaanisha futi. Muuza mbao anasema inchi. Michoro ya majengo Tanzania huandikwa kwa milimita. Mchoraji ndiye mkalimani wao.

Inchi 1 ni milimita 25.4. Futi 1 ni milimita 304.8. Kwa hiyo futi 10 ni milimita 3,048 na futi 12 ni milimita 3,658. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kinachukua milimita 1,829 kila upande, kabla hujahesabu mbao za fremu wala nafasi ya kupita.

Kompyuta haijui kama unamaanisha mita au milimita. Inapokea namba tu. Faili likiwa limepangwa kwa milimita, chumba cha mita 3.6 huandikwa 3600. Ukiandika 3.6, umechora chumba kidogo kuliko punje ya mahindi. Kwenye AutoCAD andika UN kisha bonyeza Enter, utaona sehemu ya kuchagua kipimo. Fanya hivyo kabla ya mstari wa kwanza.

Kosa jingine ni kuchanganya kipimo cha ndani na cha nje. Vyumba 3 vya mita 3.6 vilivyopangwa mstari mmoja havitoi nyumba ya mita 10.8. Kuna kuta 4 hapo. Kila moja ikiwa milimita 150, zinaongeza milimita 600, na nyumba inakuwa mita 11.4 kabla ya plasta. Mwenye kiwanja chenye nafasi ya mita 11 tu atajua hilo akiwa ameshachimba.

Tabia kumi za mchoraji mwangalifu

Herufi tunazozitaja hapa ni za AutoCAD. Programu nyingine zina vitufe vyake, lakini tabia ni zile zile.

1. Chora kwa ukubwa halisi. Ukuta wa mita 4 uandike 4000. Skeli ni mambo ya karatasi, utakutana nayo wakati wa kuchapisha.

2. Andika namba, usikadirie kwa jicho. Bonyeza L, Enter, gusa mahali pa kuanzia, elekeza mausi, andika 3600, Enter. Mstari uliochorwa kwa kukadiria unaweza kuwa 3598.7, na hutaona tofauti kwenye skrini.

3. Washa F8 ili mistari inyooke wima na mlalo. Izime tu unapohitaji mstari wa mshazari.

4. Washa F3 ili mausi inase ncha ya mstari. Kona zinazokaribiana bila kugusana zinaonekana zimefungwa mpaka utakapotaka kupima eneo, ndipo kompyuta itakapokataa.

5. Chora uso mmoja wa ukuta, kisha tumia O na unene wa ukuta kupata uso wa pili. Ni haraka, na unene unakuwa mmoja kila mahali.

6. Tenganisha leya. Leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta kwenye leya moja, milango na madirisha nyingine, vipimo nyingine, umeme nyingine, mabomba nyingine. Fundi umeme akija, unazima mabomba na kumchapishia yanayomhusu.

7. Mlango mmoja uchore vizuri, uhifadhi kama kipande kimoja, kisha ukiweke kila unapohitajika. Ukikirekebisha kipande, milango yote inarekebika.

8. Hakiki kwa DI. Amri hii hupima umbali kati ya nukta mbili. Pima kila chumba kabla ya kuandika vipimo vyake.

9. Kamwe usibadilishe maandishi ya kipimo kwa mkono ili yaonekane sawa. Kama chumba kimetoka 3550 na mteja anataka 3600, sogeza ukuta. Ukiandika 3600 juu ya mstari wa 3550, umemdanganya fundi.

10. Ukipotea kwenye skrini, andika Z, Enter, E, Enter. Mchoro wote utarudi mbele yako. Ukikosea, U inakurudisha hatua moja nyuma. Ukikwama katikati ya amri, bonyeza Esc.

Umeme ukikatika

Kazi ya siku nzima inaweza kupotea kwa sekunde moja. Zoea kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza ukuta, kama fundi anavyorudisha timazi kila baada ya mstari wa tofali.

AutoCAD hutunza nakala ya pili ya faili kila unapohifadhi. Nakala hiyo ina jina lile lile lakini mwishoni ina herufi .bak. Faili likiharibika, nakili hiyo .bak mahali pengine, badilisha mwisho wake uwe .dwg, kisha ifungue. Mara nyingi itakurudishia kazi ilivyokuwa kabla ya mara ya mwisho kuhifadhi.

Usiweke jina kama "ramani mpya" au "ramani ya mwisho". Weka jina la eneo, aina ya mchoro na tarehe. Kila mabadiliko aliyoyaomba mteja yawe na faili lake, la zamani usilifute. Siku atakaposema "sikuomba choo kihamie huku", faili la tarehe ile ndilo litakalokutetea. Nakala moja iwe nje ya kompyuta yako, kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni. Flashi inayopita kila stesheneri si hifadhi.

Jambo jingine linalosumbua: faili lililohifadhiwa kwa AutoCAD mpya linaweza kukataa kufunguka kwenye kompyuta yenye toleo la zamani. Unapompelekea mtu mwingine, hifadhi nakala kwa muundo wa zamani, kama wa 2007 au 2010. Kama anatumia programu nyingine, mpe pia faili la DXF, ambalo hufunguliwa na programu nyingi, zikiwemo LibreCAD na zile zinazoongoza mashine za kukatia chuma.

Kuchapisha bila kupoteza skeli

Skeli 1:100 maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 ardhini. Skeli 1:50 maana yake sentimita 2 ni mita 1. Hesabu hiyo inasimama tu kama karatasi imetoka kwa ukubwa uliokusudiwa.

Mchoro ulioandaliwa kwa A1 ukichapishwa kwenye A3, kila mstari unakuwa nusu. Ile 1:100 imekuwa 1:200, ingawa maandishi pembeni bado yanasema 1:100. Ulioandaliwa kwa A3 ukichapishwa kwenye A4, umekuwa takriban 1:141, namba ambayo haimo kwenye rula ya fundi yeyote.

Kinga ni tatu, na zote ni rahisi.

Kwanza, hifadhi mchoro kama PDF na uandike ukubwa wa karatasi kwenye jina la faili. Unapochapisha, mwambie mwenye printa asibane wala asitanue, atoe kwa asilimia 100.

Pili, chora kwenye kila karatasi mstari wa kujipima wenye urefu wa mita 5, na uandike "mita 5". Kwa skeli ya 1:100 ni lazima utoke sentimita 5 kamili. Mwenye nyumba aweke rula hapo dukani, kabla ya kulipa. Ukitoka sentimita 3.5, karatasi hiyo irudiwe.

Tatu, andika vipimo vyote: vya vyumba, unene wa kuta, na umbali wa kila mlango na dirisha kutoka kwenye kona. Kisha andika chini: "Fuata namba zilizoandikwa, usipime kwa rula." Fundi asilazimike kukisia hata mara moja. Kama anakosa kipimo, anapiga simu.

Simu yako inaweza nini?

Simu haifai kwa kuchora nyumba nzima, lakini ina kazi nyingi. Inafungua PDF. Zipo programu za simu, pamoja na ya AutoCAD yenyewe, za kufungulia faili la DWG na kupima umbali ndani yake. Inapiga picha za kiwanja kutoka kila kona. Inahifadhi masomo ya video uliyoyapakua ulipokuwa na mtandao mzuri, ili uyatazame nyumbani bila kumaliza bando.

Ukituma mchoro kwa WhatsApp, utume kama nyaraka, si kama picha. Picha ya skrini hupunguzwa ubora, namba ndogo hufifia, na 3 ikifanana na 8 chumba kinabadilika. Programu za simu zinazopima kwa kamera zinasaidia kupata makadirio. Usichimbe msingi kwa kipimo chake.

Ujifunze wapi, na uulize nini?

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichoko Iyunga, ambacho kilianza kama Chuo cha Ufundi Mbeya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina vyuo Mbeya na Iringa. Kwa fundi aliyejifunza kazini bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa kile anachokijua na kupewa cheti. Fika chuoni uulize kozi zinazoendelea, muda na ada zake. Vyuo vya ufundi husajiliwa na NACTVET, kwa hiyo kabla ya kulipa ada kwenye chuo usichokijua, hakikisha kimesajiliwa.

Kujifunza kwa simu si jambo geni nchini. VETA na kampuni ya simu ya Airtel ziliwahi kuanzisha VSOMO, ambapo mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu kisha akaenda chuoni kwa vitendo. Mpango huo ulikuwa na busara unayoweza kuifuata mwenyewe: maelezo yasome popote, lakini mkono haujifunzi bila kushika kazi.

Ukiona tangazo la kozi fupi ya AutoCAD, uliza maswali haya kabla ya kutoa hela:

Je, kila mwanafunzi ana kompyuta yake, au tunatazama mwalimu akichora? Je, nitachora jengo moja mpaka mwisho, pamoja na msingi, mkato na paa? Je, kuna somo la kupima kiwanja na la kuchapisha kwa skeli? Naweza kuona kazi ya wanafunzi waliomaliza? Cheti kinatolewa na nani, na kinatambuliwa na nani?

Kozi inayofundisha vitufe bila kupima inakupa nusu ya kazi.

Mazoezi ya wiki nne

Kama huna kompyuta, unaweza kukodi kwa saa mjini. Andaa kila kitu kwenye karatasi ukiwa nyumbani, ili saa ya kulipia iwe ya kuchora, si ya kufikiri.

Wiki ya kwanza, pima nyumba mnayoishi: kuta, milango, madirisha, unene. Ichore kwa mkono kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja kwa nusu mita.

Wiki ya pili, ichore kwenye kompyuta. Kuta tu. Hakiki kila chumba kwa kulinganisha na daftari.

Wiki ya tatu, weka leya, milango, madirisha na vipimo vyote.

Wiki ya nne, chapisha, pima ule mstari wa mita 5, kisha fanya mtihani wenyewe. Mpe karatasi mtu ambaye hajui ulichokusudia. Mpe kamba na vigingi, umwache apange nyumba hiyo uwanjani bila kukuuliza neno. Nyumba ya mita 9 kwa 12 ikipangwa sawasawa, kona hadi kona itasoma mita 15 pande zote mbili. Hii ndiyo tatu-nne-tano ya mafundi, iliyozidishwa mara tatu. Kila swali analolazimika kukuuliza ni kipimo ulichosahau kuandika.

Mahali mchoraji anapoishia

Kujua AutoCAD hakumfanyi mtu kuwa mhandisi, kama kujua kupiga chapa kusivyomfanya mtu kuwa wakili. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mjini, ujenzi unahitaji kibali cha halmashauri, na maombi ya kibali huambatana na michoro. Uliza ofisi ya ujenzi ya halmashauri yako ni michoro ipi inayotakiwa na nani anapaswa kuisaini, kabla hujamlipa mchoraji.

Kwa watu wa kwetu hili si la makaratasi tu. Mbeya na Rungwe zipo kwenye Bonde la Ufa, na matetemeko ya ardhi si mageni. Ukubwa wa nondo, kina cha msingi na nguzo za ghorofa haviamuliwi kwa kuiga mchoro wa mtandaoni uliotengenezwa kwa ardhi nyingine. Mchoraji mwaminifu husema: "Hapa ninaishia, tumwite mhandisi." Neno hilo halimpunguzii heshima wala wateja.

Kwa mwenye nyumba

Kabla ya kulipa salio, kaa na mchoraji na uhakikishe mambo haya. Alifika kiwanjani kupima? Vipimo vyote vimeandikwa? Upo mstari wa kujipima? Umepewa ramani ya sakafu, mionekano, mkato na mchoro wa msingi? Umepewa PDF na faili lenyewe la kuchorea, ili siku akihama mji mwingine asikwame mtu?

Kisha simama uwanjani na karatasi mkononi, utembee ndani ya nyumba ambayo bado haipo: mlango huu hapa, kitanda pale, jiko kule. Kisichokupendeza kisemee siku hiyo. Kufuta ukuta kwenye kompyuta ni kubonyeza kitufe kimoja. Kuufuta kiwanjani ni nyundo, vumbi na hela ambayo ilikuwa ya bati.